Mama Vigae abandua kazi yake bora

Mapema asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya paa la jirani, Mama Vigae anavaa glavu, barakoa na miwani ya kukinga macho, kisha anawasha mashine yake ya kupuliza hewa ya moto. Anaielekeza kwenye pembe ya meza. Anasubiri. Resini iliyokuwa iking'aa kama kioo inafifia, inalegea, inakuwa kama ndala iliyosahaulika juani. Hapo ndipo anapochomeka patasi nyembamba na kuinua.

Kipande cha sahani nyeupe kinatoka kizima. Anakigeuza, anakikagua, anakilaza kwenye beseni lililotandikwa kitambaa. Kinachofuata kinakatika kabla hajakiinua. Anasonya.

"Unaona? Ukikiharakisha kinakukomoa."

Wateja humlipa fundi huyu kutengeneza meza. Hii anaibomoa kwa gharama yake mwenyewe, na kila aliyeiona anasema ndiyo nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwake.

Mama Vigae ni mwanamke wa makamo, sauti kubwa, mwendo wa haraka, na hataki kuonewa huruma. "Andika kama ilivyo," anasema akishusha barakoa apate kupumua. "Hakuna shetani aliyenipitia. Ni mimi, kwa akili zangu timamu, nilivunja vyombo vya marehemu mama ambavyo dada yangu aliniachia nimtunzie. Halafu nikavifukia."

Alivifukia ndani ya resini ya ipoksi, ile inayomwagwa ikiwa nzito kama asali na kuganda kama kioo. Ndiyo kazi inayomlisha.

Karakana yake ni banda la mabati lililo wazi upande mmoja, ndani ya ua anaoushiriki na seremala. Ukutani kuna ndoo za vigae vilivyovunjika, zimepangwa kwa rangi: nyeupe, kijani, kahawia, na ndoo moja ya vipande alivyoshindwa kuamua ni rangi gani. Seremala hutengeneza meza. Mama Vigae hupanga vipande juu yake mpaka vinakuwa jogoo, alizeti au jina la biashara ya mteja, kisha humwaga resini kufunika kila kitu, juu pakawa sawasawa kama maji ya beseni yaliyotulia.

Alianzia dukani. Alikuwa muuzaji wa vigae vya sakafu, na kila sanduku lililoanguka alipewa vipande abebe. Alivitandaza bafuni kwake, jirani akaona, akataka na yeye. Resini ilikuja baadaye. Alijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na meza zake za kwanza anazikumbuka kwa aibu.

"Moja ilibaki inanata mwezi mzima. Nzi wakawa wanatua hawaondoki. Mteja akaniuliza, Mama Vigae, hii ni meza au ni mtego?"

Siku hizi hafanyi makosa ya aina hiyo. Sehemu mbili za resini kwa sehemu moja ya kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina. Kukoroga polepole, ukikwangua kuta za chombo. Kupaka kwanza tabaka jembamba juu ya vipande, maana udongo una pumzi yake na pumzi hiyo ikipanda hugeuka viputo. Kisha kumwaga, kupitisha moto wa gesi juujuu viputo vipasuke, na kufunika vumbi lisiingie. Mvua ikinyesha hamwagi. Unyevu huifanya resini iwe na ukungu, na resini ikishaganda, imeganda. Hakuna kuiomba radhi.

Meza moja ya sebuleni, ukitoa gharama, humlipia kodi ya banda kwa miezi miwili. Mwezi mzuri huuza mbili. Mwezi mbaya huketi na seremala wakila karanga na kusema vibaya juu ya wateja. Resini imepanda bei kiasi kwamba lita moja ni sawa na kilo kadhaa za nyama, na nyama huila kwa nadra.

Gharama nyingine haionekani mpaka akuonyeshe mikono. Miaka ya mwanzo hakuvaa glavu, na hadina ilimla ngozi ya ncha za vidole mpaka zikawa nyororo kama karatasi. Hushika kikombe cha chai kinachochemka bila kushtuka.

"Kazi yangu ni ya macho," anasema. "Vidole hivi ni koleo tu. Labda ndiyo maana sikufikiri."

Mama yao alikuwa msafishaji wa ofisi, na vyombo vyenyewe alivinunua kimoja kimoja kila mshahara uliporuhusu: sahani nyeupe zenye maua yaliyoinuka ukingoni, vikombe vya buluu, bakuli la mboga na buli la chai. Havikuwa vyombo vya kuwekwa kabatini wageni wavitazame. Vilitumika kila siku. Mama alikuwa akisema sahani isiyotumika ni sawa na mtoto asiyetumwa, wote wawili wanaharibika.

Alipofariki, mabinti wawili waligawana kwa amani. Mdogo, ambaye ndiye Mama Vigae, alichukua kitanda na nguo. Mkubwa, fundi cherehani, alichagua vyombo. Lakini wakati huo dada na mumewe walikuwa wakiishi chumba kimoja cha kupanga, cherehani ikiwa imekula nusu ya nafasi. Wakakubaliana vyombo vikae kwa mdogo, ndani ya sanduku la mbao, mpaka dada ahamie kwake.

Miaka ikapita. Nyumba ya dada ikapanda tofali kwa tofali, kama nyumba nyingi za watu wasio na mshahara mkubwa. Hatimaye ikaezekwa, ikapigwa rangi. Dada akapiga simu: "Mdogo wangu, sasa niletee vyombo vya mama."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Mama Vigae. Sanduku alilifungua palepale karakanani. Sahani nyingine zilikuwa zimepata nyufa, vikombe viwili havina mikono, kifuniko cha buli hakikuonekana. Fundi mwingine angeona vyombo vikuukuu. Yeye akaona gauni la buluu la mama yake.

Seremala, mwanaume mtaratibu anayechekesha bila kucheka, anakumbuka siku hiyo vizuri.

"Nilimwambia, wewe ukiona sahani nzima mkono unakuwasha. Akacheka. Nikamuuliza, lakini umemuuliza mwenyewe? Akanijibu, zawadi haiulizwi."

"Nilisema hivyo," Mama Vigae anakubali. "Tena kwa sauti."

Alivivunja kimoja kimoja, kwa nyundo ndogo, ndani ya taulo. Alimpanga mama yao akiwa ameketi, ungo mapajani, akichambua maharage. Gauni lilitoka kwenye vikombe vya buluu. Maharage aliyakata kutoka kwenye sehemu ya chini ya buli, iliyokuwa na rangi ya kahawia kwa kuungua. Maua ya ukingoni mwa sahani aliyazungushia meza nzima kama fremu. Uso ndio uliomchukua muda mrefu kuliko vyote: aliupanga, akaubomoa, akaupanga tena, mpaka jioni moja seremala alipita na msumeno begani, akasimama, akauweka chini msumeno.

"Shikamoo, mama," seremala aliiambia meza.

Mama Vigae akajua picha imekubali. Akamwaga resini.

Siku ya kupeleka, yeye na kijana wa mkokoteni walifunga meza kwa shuka na kuisukuma hadi kwa dada. Shemeji, mume wa dada, aliwafungulia mlango. Dada alikuwa jikoni, amesimama kando ya kabati jipya. Milango ya kabati ilikuwa wazi. Rafu ya katikati ilitandikwa karatasi safi, na haikuwa na kitu.

"Karibu, mdogo wangu! Vilete huku, nimevitengea nafasi."

"Njoo kwanza uone, Dada."

Dada akaja sebuleni polepole, mguu ukagonga mguu wa meza. Shuka likavutwa. Shemeji akasema, "Lo!" na kupiga makofi. Dada akaweka kiganja juu ya meza, akakipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Meza nzuri. Laini. Vyombo viko wapi?"

"Ndivyo hivyo, Dada."

"Hivyo vipi?"

"Unavigusa! Tazama, huyo ni mama anachambua maharage. Gauni ni vile vikombe vya buluu. Na haya maua pembeni, si unayakumbuka?"

"Nimegusa plastiki," dada alisema. "Nakuuliza sahani za mama ziko wapi."

Mama Vigae alidhani ni kejeli. Alidhani dada yake hakuipenda picha na anamzungusha. Basi akazidi kueleza. Akamwonyesha kwa kidole pua ilivyokaa, kivuli cha shavu, ungo.

"Nikawa namsomesha," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake kubwa inashuka. "Mtu haoni, mimi namwonyesha kwa kidole."

Dada hakubisha tena. Kiganja chake kilisimama katikati ya meza, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyesikia kitu chumba cha pili.

"Umezivunja?"

"Ndiyo, lakini Dada..."

"Zote?"

"Zote."

"Hata buli?"

"Hata buli."

Dada alirudi jikoni akafunga kabati, mlango wa kwanza, kisha wa pili. Halafu akaelekea chumbani, mkono wake ukipapasa ukuta wa ukumbi mpaka mlangoni. Mlango nao ukafungwa.

"Shemeji," shemeji yake alimwambia pale sebuleni, meza ikiwa katikati yao, "dada yako haoni. Jicho la kushoto lilishazima. Hili la kulia anaona mwanga na vivuli, basi. Amenikataza kusema."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Mama Vigae mjukuu huyo alizaliwa siku hiyohiyo, tena pacha. Juto la kwanza lilikuwa la vyombo. La pili lilikuwa la miaka miwili ambayo dada alipoteza uoni mbele yake, naye, kwa macho yasiyo na kasoro yoyote, asione.

Dalili zilikuwepo tele. Dada aliacha kushona harusi, akawa anakubali mapazia tu. Alilalamika taa za siku hizi hazina mwanga. Kwenye hafla za ukoo alimshika mumewe mkono bila kumwachia, na watu wakawatania kwamba mapenzi yamewarudia uzeeni.

"Aliyeanzisha utani huo ni mimi," anasema Mama Vigae. "Nilimwambia, Dada, mwachie baba wa watu apumue. Wote wakacheka. Na yeye akacheka."

Dada mwenyewe, alipotembelewa nyumbani kwake, alikuwa jikoni akikata vitunguu kwa kisu kikali, vipande vyembamba kuliko vya watu wengi wanaoona. Ni mwanamke mfupi, mnyoofu wa maneno. Daktari alimwambia ana presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, na anaitumia bila kukosa.

Kwa nini hakusema?

"Ukisema huoni, watu wanaanza kukunyang'anya kisu mkononi," anajibu, kisu kikiendelea kushuka. "Kaa, mama. Pumzika, mama. Wanakuzika ukiwa umeketi."

Mpango wake ulikuwa wa vitendo kabisa. Nyumba mpya alikuwa anaisoma kwa mikono: mlango hapa, swichi pale, jiko kulia. Vyombo vya dukani vilimshinda, vyote sawa, havina alama. Lakini vya mama alivijua tangu utotoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitenga chakula umeme ulipokatika. Sahani ya baba ilikuwa na pengo ukingoni. Ya mdogo wake ilikuwa na uvimbe mdogo chini, ilitoka nao kiwandani. Bakuli la mboga lilikuwa na ufa unaopita chini ya kidole kama uzi.

"Na vyombo hivyo ningetenga meza yangu mwenyewe, bila kuuliza mtu. Ndicho nilichotaka. Sikutaka ukumbusho. Mama simsahau mimi."

Hasira yake haijaisha, na haifichi. "Ningekuwa na macho mazima, bado angetakiwa kuniuliza. Hilo lisije likapotea kwa sababu watu wananionea huruma. Kosa siyo kwamba sioni. Kosa ni kwamba vilikuwa vyangu."

Baada ya siku ile simu zilikatika. Mama Vigae alipiga, haikupokelewa. Alituma salamu kwa shemeji, zikajibiwa na shemeji. Meza ilirudishwa kwa mkokoteni uleule na kuwekwa kwenye kona ya banda, na wateja walioingia wakawa wanaiulizia bei. Mmoja, mwenye mgahawa, alitaja kiasi ambacho kingelipa kodi ya mwaka mzima.

"Nikamwambia haiuzwi. Akaongeza. Nikamwambia, kaka, hata ukinipa na mgahawa."

Siku moja dada alipokea simu. Mama Vigae, ambaye maneno hayamtoki kwa shida, alijikuta na sentensi moja tu.

"Dada, nitavitoa."

"Utavitoa viwe nini?"

 Mama Vigae akakata simu, akanunua mashine ya hewa ya moto.

Seremala alimwona mwendawazimu, na hakuficha hilo. Resini ikishaganda haiyeyuki tena kuwa maji. Inalainika tu kwa muda, na moshi wake si wa kuvuta, ndiyo maana meza sasa imetolewa nje uani na mwenyewe amejifunga barakoa kama mwizi. Vipande vimegundishwa chini na kufunikwa juu. Ukizidisha moto, rangi ya sahani inapasuka. Ukipunguza, patasi inavunja. Asubuhi nzima inaweza kuishia kwenye viganja viwili vya vipande, na kila kimoja lazima kikwanguliwe kwa wembe mpaka ule utando wa mwisho utoke.

"Kuvipandisha ilinichukua wiki chache," anasema. "Kuvishusha, sijui. Na kila kinachokatika nasikia kama nakivunja upya."

Alianzia ukingoni, kwenye maua. Akafuata maharage, akafuata ungo, akafuata gauni. Uso akauacha. Kila asubuhi alijipangia kazi nyingine: leo nitamalizia mkono, leo nitasafisha vya jana. Ikafika siku ambayo juu ya meza hapakuwa na kitu kingine, uso peke yake katikati ya mbao tupu, ukimtazama.

Ndipo dada alipokuja. Hakutoa taarifa. Shemeji alimshika mkono kutoka barabarani hadi ndani ya ua, akamketisha kwenye kiti cha seremala, akaenda zake kununua vocha.

"Shikamoo, Dada," Mama Vigae alisema.

"Marahaba. Viko wapi?"

Mama Vigae akampakatisha beseni.  Vidole vya dada vilikuwa vinaokota, vinazungusha, vinaweka. Kipande kimoja alikirudia mara tatu.

"Hiki ni cha baba. Pengo hili hapa. Ulilikata nusu."

"Nililikata, Dada."

"Hiki hakijasafishwa. Bado kina plastiki yako." Akakirusha upande ilikotoka sauti ya mdogo wake, na kikampata kifuani. "Na buli?"

Mama Vigae akaeleza kwamba buli limetoka karibu lote, isipokuwa mdomo wake. Vipande vya mdomo vilikuwa vyeupe vyenye weupe wa aina yake, na alivitumia kwenye uso. Uso hajaugusa.

"Kwa nini?"

"Nashindwa. Ni mama, Dada."

"Umetoka vizuri?"

"Umetoka," seremala alijibu kutoka kwenye banda lake, ingawa hakuulizwa. "Mimi niliuamkia."

Dada akaliweka beseni chini. "Sogeza nao niuguse." Meza ikasogezwa. Akapitisha kiganja juu ya resini, pale ambapo hakukuwa na pua wala shavu wala kivuli, ila ubaridi na ulaini. Akautoa mkono.

"Uso wa mama ninao," alisema. "Sahani ndizo sina. Utoe."

Mama Vigae aliwasha mashine. Seremala alitoka nje ya ua, na aliporudi alikuta dada amelishika beseni kwa mikono miwili, kando ya patasi, akipokea vipande vinavyobanduka.

Sahani haziwezi kurudi kuwa sahani. Hilo ndugu hawa wawili walilikubali mapema, mmoja kwa machozi, mwingine kwa kusonya. Baada ya ubishi wa siku kadhaa, dada ndiye aliyesema anachotaka: mstari kwenye ukuta wa ukumbi wa nyumba yake, usawa wa mkono wake, kutoka mlango wa chumba cha kulala kwenda jikoni. Apite akivigusa. Maua ya ukingoni yawe juu, yaliyoinuka yabaki yameinuka. Kingo kali zisagwe kwa jiwe zisimkate. Vikae kwenye saruji, kama watu wa kale wa pwani walivyopachika sahani kwenye kuta zao, na juu yake pasimwagwe kitu.

Na sharti moja zaidi. Atakayepanga ni yeye.

Ndiyo maana alasiri hii, muda mrefu baada ya asubuhi ile ya mashine uani, katika ukumbi mwembamba unaonukia rangi mpya, Mama Vigae amepiga magoti akikoroga saruji kwenye ndoo, na dada yake amesimama akichagua. Anachukua kipande, anakipima kwa kidole, anakipachika. Buluu inakaa kando ya kahawia. Ua linakaa kichwa chini miguu juu. Mama Vigae, ambaye wateja humlipa kwa sababu ya jicho lake, anaukunja uso.

"Dada, hicho kingekaa..."

"Umesema?"

"Sijasema."

"Nilidhani umesema. Ongeza maji, saruji yako nzito."

"Mimi hapa ni kibarua tu," Mama Vigae ananong'ona. "Mpangilio wake ni mbaya, tuambiane ukweli. Ungekuwa wa mteja nisingeweka jina langu." Anafuta mkono kwenye kanga. "Lakini nikifumba macho nikaupitia kwa vidole, nahisi kama kuna kitu. Vidole vyangu vimekufa, sipati vizuri. Yeye anapata."

Tatizo ni moja, na halina dawa. Vipande havitoshi. Vingi vilikatika wakati wa kubanduliwa, vingine vilisagika kuwa unga, na vilivyopona vinafika mlango wa bafu tu. Kutoka hapo hadi jikoni ukuta utabaki mtupu. Mama Vigae amezunguka maduka ya vyombo vya mitumba akitafuta sahani zinazofanana, amepata mbili zenye maua karibu sawa, akazileta. Dada alizishika, akazirudisha.

"Hizi za nani?"

"Sijui, Dada. Za watu."

"Warudishie."

Ukumbi ukimalizika, Mama Vigae anatarajia kurudi kwenye meza za wateja. Resini hataiacha, hana kazi nyingine. Lakini amejiwekea utaratibu mpya: mtu akimletea chombo cha marehemu ili kivunjwe kiwe pambo, atamtuma kwanza nyumbani akaulize kila mwenye sehemu yake, tena akaulize kwa mdomo. Wateja wawili wameshaondoka wakimwona ana maringo. Amewaacha waende.

Analotamani ni kwamba siku moja dada yake atamwita tena kula, kama zamani, bila shemeji kuwa mpatanishi. Hajaitwa. Anakuja asubuhi, anakoroga, anaondoka.

Jioni inapokaribia, kipande cha mwisho kinapachikwa, ncha ya mdomo wa buli, palepale kwenye fremu ya mlango wa bafu. Mama Vigae anautazama ukuta mtupu uliobaki, kisha anasema kile ambacho amekisema kila siku.

"Nisamehe, Dada. Visingekatika, vingefika jikoni."

Dada anautafuta mwisho wa mstari kwa vidole, anaupata, anaupita. Mkono wake unateleza kwenye rangi laini isiyo na kitu.

"Acha," anasema. "Nikivikosa mkononi, nitajua nimekaribia kufika."